Punje chini ya mwimo: kisa cha mlango mmoja wa Mkomani

Asubuhi moja ya Februari, kaskazi bado ikivuma, nilikuwa nikipita kichochoro kimoja cha Mkomani, Lamu, mama mmoja akaniita kutoka dakani kwake. "Ndoo mwanangu, ndoo uone kwa mato yako," yaani njoo uone kwa macho yako. Mkononi alikuwa na kizoleo cha taka, na ndani ya kizoleo kijilima cha unga wa kahawia, kama vijiko viwili vya chai. Alikuwa ameufagia chini ya mlango wa mbele. Alisema huu ni mwezi wa pili: leo hufagia, kesho upo tena.

Mlango wenyewe ni wa mbambakofi, mbao mbili na mfaa, ule ubao wa katikati zinapokutana, na miimo yake ya ubavuni imejaa nakshi kutoka kizingiti cha juu hadi sakafuni. Uliwekwa na babu wa marehemu mumewe. Fundi aliyeitwa kabla yangu aliugonga mwimo wa kushoto kwa kifundo cha kidole, akaona vitundu, akaona unga chini yake, akasema ni mchwa. Ushauri wake ulikuwa kukata mwimo huo kiasi cha dhiraa moja kutoka chini, kuunga ubao mpya, kisha kumwaga dawa ardhini kando ya msingi. Habari ikamfikia dalali mmoja ambaye kwa miaka alikuwa akiutamani mlango ule, naye akaja siku ya pili kutoa bei, nusu ya ile aliyotaja zamani, kwa hoja kwamba mlango unaliwa na utaishia kuwa kuni.

Mama alikuwa karibu kukubali mojawapo. Mimi nilimwomba siku chache. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kwa miaka kadhaa sasa saa zangu za jioni huziweka kwenye kupiga picha vitu vidogo kwa simu na hadubini: wadudu, kuvu, chavua za maua. Mji mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango hii ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Nakshi ikishakatwa na msumeno haiungiki. Kabla ya msumeno, nilitaka kuuona ule unga.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kosa, na kosa lenyewe ndilo lililonifundisha zaidi katika kisa hiki, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Nilichukua unga kutoka kwenye kizoleo, nikautia katika karatasi, nikaenda nao nyumbani. Usiku nikaunyunyiza juu ya kioo cha hadubini, nikawasha taa ya chini kama tunavyofanya shuleni tunapotazama ngozi ya kitunguu. Nikaona vivuli vyeusi vya umbo la mviringo mrefu, vimechanganyika na mchanga, nyuzi za nguo, punje za chumvi na mguu wa sisimizi. Taa ya chini inafaa kitu chembamba kinachopitisha mwanga. Punje ya unga wa mbao haipitishi, kwa hiyo unachokipata ni umbo la nje tu, bila uso. Nikazima taa ya chini, nikaweka lenzi ya kubana kwenye simu na kuwasha flashi. Sasa zikaonekana punje za manjano zinazong'aa, laini pande zote, kama mtama. Flashi ya simu iko jirani kabisa na lenzi, mwanga wake unapiga mbele moja kwa moja, na kila bonde na kila ukingo juu ya punje unajazwa mwanga sawasawa. Picha ilikuwa nzuri, safi, yenye rangi. Haikuwa na habari yoyote ndani yake.

Nikategemea basi kitu kingine nilichokiona: vitundu vya mwimo ni vya duara. Vitundu vya duara na unga chini, nikamtumia mama ujumbe wa sauti usiku uleule kwamba si mchwa, ni bungu, yule mdudu wa jamii ya dundu ambaye kiluwiluwi chake hutoboa mbao. Nilikosea.

Asubuhi nilirudi kwa sababu jambo moja lilinikosesha usingizi. Bungu wa kawaida wa mbao ngumu hutoa unga laini kama unga wa ngano, unaopotea ukiusugua kati ya vidole. Unga wa mama ulikuwa na punje. Ukiusugua unausikia, kama mchanga wa ufuo wa Shela.

Nikamwomba mama asifagie. Aliniangalia sana. Mlango wa mbele ni uso wa nyumba, na wageni wa arubaini ya jirani walikuwa wakipita pale. Akanipa siku mbili.

Nikakata manila nyeusi vipande vinne, nikaviandika namba, nikavilaza kizingitini na chini ya kila mwimo, nikavibana kwa gundi ya karatasi upepo usivipeperushe. Hii ilikuwa baada ya swala ya isha. Baada ya alfajiri, vipande vitatu vilikuwa na vumbi tu. Cha pili, kando ya mwimo wa kushoto, kilikuwa na kichuguu kidogo cha punje kikiwa na kilele chake, na punje chache zilizoruka kando. Nilikipiga picha kabla ya kukigusa, rula ya milimita ikiwa imelala ubavuni mwake, mara moja kutoka juu na mara moja kutoka upande. Umbo la lile rundo ni ushahidi: punje zilizotiririka kutoka kitundu kilicho chini ubavuni mwa ubao huegemea ubao, punje zilizoanguka kutoka juu hufanya kilele mbali kidogo nao na hutawanyika. Lile la kipande cha pili lilikuwa na kilele, na kilele hakikugusa mwimo. Nililiona hilo wakati ule, nikalipita, na nikalirudia siku iliyofuata.

Sasa punje zenyewe. Safari hii nilizichukua kutoka kwenye manila, safi, bila mchanga wala nyuzi. Hadubini yangu ina lenzi ndogo kuliko zote iliyoandikwa ubavuni 4/0.10: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipimo cha upana wa mwanga inaoupokea. Wanaoanza hukimbilia lenzi kubwa, nami nilikuwa hivyo, lakini kwa kitu chenye unene lenzi kubwa ni adui. Unene unaoonekana wazi kwa mara moja ni takriban urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha ile namba ya pili. Mwanga wa kijani ni mikromita 0.55, gawa kwa 0.01, unapata mikromita 55. Lenzi inayofuata, 10/0.25, inakupa karibu mikromita 9 tu. Punje yangu ilikuwa na unene wa zaidi ya nusu milimita, yaani mikromita 500 na kitu. Hata kwa lenzi ya 4 hakuna picha moja inayoweza kuionyesha yote ikiwa wazi.

Dawa yake ni kurundika picha: unapiga nyingi, kila moja umesogeza fokasi kidogo, kisha programu inachukua sehemu iliyo wazi ya kila picha na kuzifanya moja. Kirungu kidogo cha hadubini yangu husogeza meza mikromita 2 kwa kila alama. Nilisogeza alama 20 kila mara, mikromita 40, ili kila picha iingiliane na jirani yake. Picha 16 zikatosha kushuka kutoka mgongo wa punje hadi kwenye manila.

Ilichukua majaribio matatu. La kwanza niliharibu kwa sababu nilifanya kazi ghorofani, na sakafu ya nyumba zetu imelala juu ya boriti. Mtoto akipita chumba cha pili picha inatetemeka. Nikashuka chini, nikaiweka hadubini juu ya baraza ya mawe. La pili feni ilizipeperusha punje. La tatu nilizima feni, nikazibandika punje kwa mate kidogo ya gundi, nikatoa tochi ndogo na kuiweka ubavuni, chini sana, karibu ilingane na meza, na mbele yake kipande cha plastiki nyeupe nilichokata kwenye dumu la maziwa ili mwanga usiwe mkali. Upande wa pili nikasimamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo kivulini.

(Kwa walioko pwani kama mimi: lenzi zetu huota kuvu kwa unyevu na chumvi ya hewa, na kuvu ikishaanza kula vanishi ya kioo hakuna kitambaa kitakachoiondoa. Mimi zangu hukaa kwenye kopo la biskuti lenye vifuko vya kukausha unyevu, na kila miezi michache navibadilisha vifuko hivyo. Nimepoteza lenzi mbili kabla ya kujifunza.)

Programu ilipomaliza kurundika, nilikaa kimya mbele ya simu. Punje zile laini kama mtama zilikuwa na pande. Kila moja ilikuwa na pande sita zilizobonyea kidogo, zimetenganishwa na kingo sita zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha, na ncha zenyewe zimeviringana. Nilipima kumi kwa kulinganisha na picha ya rula: fupi ilikuwa milimita 0.7, ndefu 0.9.

Pande hizo sita ni sahihi ya mdudu mmoja: mchwa wa mbao kavu. Huyu hana njia kwenda ardhini. Anaishi ndani ya ubao mkavu, hula humohumo, na maji yake huyapata kwenye ubao anaokula. Ndiyo maana hawezi kutupa hata tone. Mwisho wa utumbo wake kuna mito sita ya misuli inayokamua kinyesi mpaka unyevu wote urudi mwilini, na kinyesi hutoka kikavu, kigumu, chenye alama ya mito ile sita. Unga aliokuwa akiufagia mama ulikuwa kinyesi. Mchwa hutoboa kitundu cha milimita moja au mbili, husukuma punje nje, kisha hukiziba.

Kwa hiyo fundi alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi: ni mchwa. Lakini Kiswahili chetu cha kila siku kinawaita wote mchwa, na hapo ndipo dawa yake ilipokosea njia. Mchwa wa ardhini hujenga njia za udongo kupandia ukutani, na dawa ya kumwaga kando ya msingi humkata njia. Wa mbao kavu hata ukiimwaga dawa hiyo kwa mapipa hataijua.

Kwa kulinganisha, nilipiga picha pia unga mwingine wa nyumba ileile, uliokuwa chini ya boriti moja ya mkoko iliyobadilishwa mwaka uliotangulia. Kwa mwanga uleule wa ubavuni, ule ulikuwa vumbi tupu, vipande vya nyuzi za mti vilivyosagika, hakuna punje hata moja. Huyo kweli alikuwa bungu. Nilichonga kijiti kutoka sehemu nyeupe ya nje ya boriti nikakitonesha iodini ya duka la dawa, kikageuka bluu nyeusi: kina wanga, na wanga ndio chakula anachokitafuta kiluwiluwi wa bungu. Nyumba moja, unga wa aina mbili, wadudu wawili. Kama ningechukua tena kutoka kwenye kizoleo, vyote viwili vingekuwa kijilima kimoja.

Yalibaki maswali ya vitundu. Kama mwenye punje ni mchwa, vitundu vya duara vya mwimo ni vya nani?

Nilivipiga picha vyote, ishirini na kitu, kwa lenzi ya simu na tochi iliyolala ubavuni mwa ubao. Vilikuwa na upana wa kama milimita moja na nusu, na vyote vilikuwa kwenye ukingo wa nje wa mwimo, ambako ubao una rangi nyepesi. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye moyo mwekundu wa mbambakofi. Hiyo ni tabia ya bungu: hula sehemu ya nje yenye wanga, na hushambulia ubao ukiwa bado mpya, kwa sababu wanga hupungua kadiri ubao unavyozeeka. Ndani ya vitundu picha zilionyesha kuta zilizogeuka nyeusi, vumbi lililoshikana, na nyuzi za buibui. Katika vitatu, mafuta ya mlango yalikuwa yameteleza ukingoni, yakaingia kidogo na kukauka humo kama ngozi nyembamba. Nilimwonyesha mama ile picha nikamuuliza mlango ulipakwa mafuta lini mara ya mwisho. Akafikiri. "Marehemu ndiye aliyepaka kwa mikono yake, mwaka aliofariki. Miaka sita hii." Basi vitundu vile ni vya kale kuliko mafuta hayo, na bila shaka vya kale sana, vya siku za ujana wa ubao wenyewe. Bungu aliyevitoboa alikwisha kuondoka kabla yetu sote.

Hapo ndipo niliporudi kwenye picha ya kichuguu cha manila na kilele chake kilichokuwa mbali na mwimo. Punje zilikuwa zinaanguka. Nikapanda ngazi.

Juu ya kizingiti cha nakshi, kati yake na mawe ya ukuta, kulikuwa na ubao wa saipresi upana wa vidole vitatu. Ulipachikwa wakati wa matengenezo ya zamani kujaza pengo, ukapakwa rangi ya kahawia ufanane na mlango, na hakuna aliyeukumbuka. Kwa macho sikuona kitu. Kwa lenzi, na tochi ikimulika sambamba na uso wa ubao, kulikuwa na kitundu kimoja ukingoni kwa chini, milimita moja na nusu, mdomo wake ukiwa mweupe kama ubao uliokatwa leo. Kando yake, kwenye utando wa buibui, yalinaswa mabawa manne ya kumbikumbi, yote ya urefu mmoja. Kutoka pale punje ilianguka, ikagonga majani ya nakshi, ikaishia chini ya mwimo wa kushoto, penye vitundu vya bungu wa kale. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeviunganisha vitu hivyo viwili. Fundi aliviunganisha, na mimi niliviunganisha.

Nilimwendea fundi kwake na picha zote kwenye simu. Ni mtu mzima, amechonga milango tangu utotoni, na sikutaka asikie habari hii kwa watu. Alizitazama taratibu, moja baada ya moja. Kwenye picha ya punje alisimama, akaikuza kwa vidole, akahesabu kingo kwa sauti. Kisha akasema, "Mwalimu, hizi nimezifagia maisha yangu yote." Akaniuliza kama ni punje za kila mchwa au za huyu tu. Nikamweleza. Akavaa viatu.

Alikitoa kile kipande cha saipresi kwa patasi bila kugusa hata ukingo wa nakshi. Alikipasua pale barazani, juu ya shuka nyeupe. Ndani kulikuwa na vyumba laini, safi, bila chembe ya udongo, vimepita kukata nyuzi za ubao badala ya kuzifuata, na baadhi vimejaa punje tele. Mchwa wenyewe walikuwa mamia machache, weupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mmoja tu: askari. Nilimpata kwenye njia nyembamba, kichwa kimeziba njia nzima. Kwa picha ya kurundika, kichwa hicho ni kitu cha kustaajabisha, cheusi, kimekunjamana kama kokwa, mbele kimebonyea kama kibuyu kilichokatwa, upana kidogo zaidi ya milimita moja. Ni kizibo kilicho hai. Kichwa hicho kinatosha kumweka katika jenasi ya Cryptotermes, na kwa mlango huu hilo lilitosha.

Upande wa kizingiti uliogusana na saipresi ulikuwa na alama moja, kina cha milimita mbili, kwenye sehemu nyepesi ya ubao, walipojaribu na kuacha. Fundi aliikwangua, akapaka dawa ya jamii ya borati, ambayo huingia kwenye ubao mtupu usio na mafuta, mara mbili kwa siku mbili. Saipresi ilichomwa siku hiyohiyo. Pengo alilijaza kwa chokaa. Kwa brashi laini ya rangi tukazitoa punje zote zilizokwama kwenye majani ya nakshi, kwa sababu zingeendelea kudondoka kila mlango unapofungwa na kututia wasiwasi bure. Kiganja kizima.

Dalali alirudi mara moja. Mama alimkaribisha kahawa, akamwonyesha picha ya askari.

Manila nyeusi bado iko chini ya mwimo wa kushoto. Kila Ijumaa, kabla ya kufagia, mama huipiga picha kwa simu yake na kunitumia. Amejifunza kuweka tochi ubavuni bila mimi kumwambia. Wiki tano za kwanza hakukuwa na kitu. Wiki ya sita kulikuwa na punje moja, naye akaandika chini yake, "Hii je?" Niliikuza. Ilikuwa angavu, haina kingo, na ndani yake mwanga ulipita. Mchanga.